Zijue Herufi Mbili za Damu Yako

Mama anatoka dirisha la maabara na kikaratasi mkononi. Mtoto aliyempakata ana miezi kumi na moja, na vidole vyake vimevimba kama maandazi. Kwenye kikaratasi, mbele ya kipimo cha selimundu, pameandikwa neno moja: pozitivu. Aliyekaa naye kwenye benchi anamtazama kwa jicho la pole, kana kwamba msiba umeshatangazwa.

Kikaratasi hicho hakijamwambia hata nusu ya habari. Hakijasema kama mtoto anaumwa selimundu, au amebeba tu kinasaba kimoja na uvimbe wa vidole umetokana na jambo lingine. Kwa tafsiri ya kwanza, mtoto anahitaji dawa na kliniki kuanzia leo. Kwa ya pili, haumwi selimundu hata kidogo. Kinachozitenganisha ni herufi mbili tu: SS kwa mgonjwa, AS kwa aliyebeba kinasaba kimoja. Makala haya yanakueleza herufi hizo zimetoka wapi, zinapimwaje, na ufanye nini ukishazijua.

Seli nyekundu na kazi yake

Seli nyekundu ya damu ni duara iliyobonyea katikati pande zote mbili, mfano wa chapati ndogo iliyominywa kati kwa kidole. Ni laini, inakunjika na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, kisha inarudia umbo lake. Ndani imejaa himoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Seli moja huishi siku 120 hivi, halafu mwili huivunja na kutumia tena malighafi yake.

Himoglobini ya kawaida huitwa A. Katika selimundu kuna himoglobini nyingine, S, ambayo inatofautiana na A kwa kitu kidogo mno. Mwaka 1957, Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba katika mnyororo mrefu wa asidi za amino ni moja tu iliyobadilika. Badiliko hilo linatosha kuzifanya himoglobini S zishikane na kujipanga kama fito kila oksijeni inapopungua. Fito hizo huisukuma seli kutoka ndani mpaka ipinde kama mundu, na hapo ndipo ugonjwa ulipopata jina.

Seli iliyopinda ni ngumu na inanata. Hukwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huuma vibaya sana, iwe ni mfupa, kifua au tumbo. Maisha yake nayo ni mafupi, siku 10 hadi 20 tu, na mwili hauwahi kuzifidia kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mgonjwa ana upungufu wa damu mwaka mzima, na macho yake huwa na umanjano unaotokana na mabaki ya seli zilizovunjika.

Kijana aliyekulia Gilgil

Kwa nini ugonjwa mkali namna hii haukutoweka zamani? Zamani watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kukua na kuzaa, kwa hiyo kila kizazi kinasaba kilipaswa kupungua. Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki, na aliyelipata ni Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia kwenye shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Yeye alijipa kazi ya kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali, akapima makundi ya damu na selimundu pia. Majibu yalimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na kinasaba hicho. Nyanda za juu, kwenye baridi, hakufika hata mmoja kati ya mia. Mtu aliyekulia Kenya hakuhitaji ramani kujua kinachozitofautisha sehemu hizo: kule chini kuna mbu wa malaria, kule juu hakuna.

Alirudi mwaka 1953, udaktari ameshaumaliza. Kipimo alichotumia kilikuwa chepesi, na mpaka leo maabara nyingi zinacho. Tone la damu linawekwa kwenye kioo cha hadubini na kuchanganywa na tone la sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoondoa oksijeni. Kigae chembamba cha kioo kinafunikwa juu, kingo zinazibwa hewa isiingie, kisha mpimaji anasubiri. Kama kuna himoglobini S, vile viduara vinaanza kuchongoka na kujikunja mbele ya macho yake.

Alipima watoto 290 wa Kiganda katika maeneo ya Kampala. Kati ya 247 wasiokuwa na kinasaba cha S, 113 walikutwa na vimelea vya malaria, sawa na asilimia 46. Kati ya 43 waliokuwa nacho, walikutwa 12, sawa na asilimia 28. Halafu akafanya jaribio ambalo kamati za maadili za leo zisingelipitisha: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wenye nacho, wawili tu. Majibu yake aliyachapisha mwaka 1954.

Maana yake ni hii. Mwenye kinasaba kimoja, AS, anapata kinga fulani dhidi ya malaria, kwa hiyo katika nchi za mbu aliishi na kuzaa zaidi kuliko wenzake, na kinasaba kikabaki. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zimeonyesha kwamba AS hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Selimundu basi si laana ya ukoo wala kazi ya mchawi. Ni gharama ambayo damu yetu imeilipa kwa kuishi na malaria maelfu ya miaka.

Lakini usipotoshwe na neno kinga. Mwenye AS anaweza kuugua malaria, hivyo alale kwenye chandarua kama wengine. Mwenye SS ndiye wa kuogopewa zaidi: damu yake tayari ni kidogo, na malaria inaweza kuimaliza kwa siku chache.

Herufi zinavyorithiwa

Kila mtu hupokea herufi moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kwa hiyo:

- Baba AA na mama AA: watoto wote AA.
- Mmoja AA, mwingine AS: kwa kila mimba, nusu kwa nusu AA au AS. Hapatokei mgonjwa.
- Wote wawili AS: kwa kila mimba, robo AA, nusu AS, robo SS.
- Mmoja AS, mwingine SS: kwa kila mimba, nusu kwa nusu AS au SS.
- Mmoja AA, mwingine SS: watoto wote AS.
- Wote wawili SS: watoto wote SS.

Zingatia maneno "kwa kila mimba". Wapo wazazi wa AS wanaosema, "Wa kwanza amekuwa mgonjwa, basi watatu wanaofuata wamepona." Sivyo. Kila mimba ni kama kurusha shilingi upya, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna familia zimepata watoto watatu wote wazima, na kuna zilizopata SS wawili mfululizo.

Tazama tena orodha hiyo. Mtoto wa SS hawezi kupatikana kwa herufi ya mzazi mmoja. Mama anayeambiwa na mawifi kwamba "ameleta ugonjwa kwenye ukoo" anasingiziwa, maana S moja imetoka kwake na ya pili imetoka kwa kaka yao. Baba anayeikimbia nyumba kwa sababu hiyo anaikimbia damu yake mwenyewe.

Ziko herufi nyingine pia. Thalasemia ya beta, ambayo nayo hurithiwa na hupunguza himoglobini, ni ya kawaida katika nchi za Ghuba na Bara Hindi, na kwa hiyo hukutwa kwa baadhi ya familia zetu za pwani zenye asili huko. Mzazi wa AS akikutana na mwenye kinasaba cha thalasemia, mtoto anaweza kuzaliwa na selimundu hata kama mzazi wa pili hana S kabisa. Ukijua ukoo wenu una asili hiyo, mwambie daktari.

Uombe kipimo gani

Hapa ndipo yule mama wa kwenye benchi alipoachwa njiani. Kipimo cha kukunja seli, kile cha Allison, kinaonyesha kwamba S ipo. Hakionyeshi kama ipo moja au mbili: mwenye AS na mwenye SS wote hutoka pozitivu. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kutoka negativu ilhali ni mgonjwa, kwa kuwa bado ana himoglobini ya tumboni, inayoitwa F, ambayo huzuia seli zisipinde. Hiyo F ndiyo inayowafanya watoto wa SS waonekane wazima miezi ya mwanzo, halafu ugonjwa ujitokeze inapopungua.

Kwa hiyo:

1. Ukiambiwa pozitivu, usiondoke bila kuuliza: "AS au SS?"
2. Omba kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kinachojulikana zaidi ni elektroforesisi. Siku hizi vipo pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu ya kidoleni au kisiginoni, ambavyo hutoa jibu kwa dakika chache na vinaweza kutumika kwa mtoto mchanga.
3. Kama mgonjwa ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu, sema kabla ya kupimwa. Majibu yanaweza kuonyesha damu ya mchangiaji.
4. Jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki na ulihifadhi. Vinasaba havibadiliki, hivyo jibu sahihi ni la maisha.

Usingoje dalili kama wewe au mwenzako mnajijua kuwa na S. Uganda ilipopima damu za karibu watoto 100,000 katika uchunguzi ulioanza mwaka 2014, asilimia 13.3 walikutwa AS, na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Tanzania inakadiriwa kupata watoto zaidi ya 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Si ugonjwa wa watu wa mbali.

Mtoto akiwa SS

Mwaka 2004 watafiti wa Muhimbili jijini Dar es Salaam, akiwemo Profesa Julie Makani, walianza kuandikisha na kufuatilia wagonjwa wa selimundu, na kundi hilo limekuwa miongoni mwa makubwa duniani. Kazi za namna hiyo zimeonyesha kwamba wengi wanaokufa mapema wanauawa na mambo yanayozuilika: maambukizi, upungufu wa damu wa ghafla, na kuchelewa. Haya ndiyo ya kufanya.

*Penisilini kila siku.* Seli zilizopinda huharibu wengu mapema, na wengu ndio unaochuja vijidudu vya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mtoto apewe penisilini asubuhi na jioni, kuanzia kama miezi miwili mpaka atimize angalau miaka mitano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hii ya bei nafuu ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Chanjo zote azimalize, hasa ya nimonia.

*Jifunze kupapasa wengu.* Mwombe muuguzi akuonyeshe mara moja, kisha ufanye nyumbani wakati wa kumwogesha. Mlaze mtoto chali, magoti yakunjwe ili tumbo lilegee. Weka ncha za vidole upande wake wa kushoto, chini usawa wa kitovu, ukipanda taratibu kuelekea kwenye mbavu. Ukigusa ukingo mgumu, kumbuka umefika wapi. Siku wengu ukiwa umekua ghafla na mtoto amepauka, damu yake imenasa humo. Ni dharura, na haingoji asubuhi.

*Haidroksiurea.* Dawa hii huuamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini F ya utotoni. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda. Baada ya kuanza dawa, vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ilipungua kwa nusu, na haja ya kuongezewa damu ilishuka mpaka theluthi moja ya ilivyokuwa. Vifo navyo vilipungua. Si dawa ya kununua kienyeji: damu hupimwa kabla na wakati wa matumizi, na mtu mzima anayetaka mtoto aongee na daktari kwanza.

*Foliki na kinga ya malaria.* Vidonge vya foliki husaidia kutengeneza seli mpya. Chandarua kila usiku, pamoja na dawa ya kinga kama kliniki yako inavyoelekeza. Vidonge vya madini ya chuma usimpe bila kipimo. Damu yake haipungui kwa kukosa chuma, na akiongezewa damu mara kwa mara, chuma huzidi mwilini.

*Kipimo cha kichwa.* Kiharusi humpata hata mtoto wa darasa la pili. Kuanzia miaka miwili, uliza kama hospitali ina kipimo cha Doppler cha mishipa ya kichwa, ambacho huonyesha hatari kabla haijatokea.

Usisubiri, nenda hospitali

- Homa ya nyuzi 38 na zaidi, hata kama anacheza.
- Kupauka ghafla viganjani na midomoni, au tumbo kuvimba upande wa kushoto.
- Kifua kuuma au kupumua kwa shida.
- Kulegea mkono au mguu, mdomo kwenda upande, kushindwa kuongea, au degedege.
- Maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani.
- Kwa mvulana au mwanamume, uume kusimama kwa uchungu zaidi ya saa mbili. Wengi huficha kwa aibu mpaka madhara yanakuwa ya kudumu. Msiwafunze watoto aibu hiyo.

Nyumbani na shuleni

Maji ndiyo dawa ya kwanza. Damu ikikosa maji huwa nzito na seli hujikunja, hivyo mtoto atembee na chupa yake. Baridi nayo hubana mishipa: sweta asubuhi, asikae na nguo zilizolowa mvua, na maji ya kuoga yawe vuguvugu. Maumivu yakianza, mpe maji, paracetamol kwa kipimo chake, na kitambaa cha moto mahali panapouma. Barafu usiweke.

Kuna jambo moja ambalo watoto wengi wamechapwa bila kosa. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana mkojo, kwa hiyo hukojoa mara nyingi, na kitandani pia, hata akiwa na miaka kumi. Si uvivu wala utukutu. Mweleze mwalimu kwa barua: mtoto huyu anywe maji darasani, aruhusiwe kwenda msalani bila kuhojiwa, asisimamishwe juani, wala asilazimishwe mbio ndefu.

Juisi ya rozela, matembele na mchicha ni chakula kizuri, ale. Lakini hakuna mboga, mafuta ya upako wala unga wa mti uliowahi kuigeuza SS kuwa AA. Anayekuuzia ahadi hiyo anakula pesa ya nauli ya kliniki.

Je, inapona?

Ipo tiba inayoweza kuondoa ugonjwa: kupandikizwa uloto kutoka kwa mtu anayefanana naye kinasaba, mara nyingi ndugu wa tumbo moja. Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwatibu hivyo watoto wa selimundu mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba, ambapo seli za uloto za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa ili zitengeneze himoglobini F, kisha zikarudishwa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ni hatua kubwa kwa sayansi, lakini kwa mtoto wa Sengerema au Siaya, maisha ya mwaka huu yanategemea penisilini, chandarua na haidroksiurea.

Kabla ya vikao vya harusi

Sisi tunajua kupanga. Kikao cha harusi kinaweza kukesha kikijadili keki, matarumbeta na rangi ya sare, na mweka hazina akasoma michango mpaka ya shilingi elfu kumi. Katika bajeti hiyo yote, kipimo cha damu za bwana na bibi harusi hakimo. Nchini Saudi Arabia, tangu 2004, wachumba hawafungi ndoa kabla ya kupimwa selimundu na thalasemia. Hapa kwetu anayekuzuia kupima ni wewe mwenyewe.

Kupima si kuvunja uchumba. Wawili wakikutwa wote AS, uamuzi ni wao: wapo watakaooana na kumpima kila mtoto tangu anapozaliwa, na wapo watakaochagua njia nyingine. Tofauti ni kwamba watakuwa wameamua wakijua, na mtoto wao akizaliwa SS ataanza penisilini kabla ya homa ya kwanza.

Allison alihitaji tone moja tu la damu kutoka kwa kila aliyempima, na kwa matone hayo dunia ikajifunza. Wengi wa waliomtolea hawakupata kujua majibu yao. Wewe unaweza kuyajua yako. Ukienda kliniki wiki hii, kwa sababu yoyote ile, uliza swali moja kabla hujaondoka: "Mimi ni AA, AS au SS?" Kisha nenda nyumbani ukamuulize na mwenzako.